John Law: mcheza kamari aliyegoma kucheza mpaka ashike benki

Najua nimepotea, hela ya kafe ilikuwa inasumbua, ila leo nimelipia saa tatu kwa mpigo ili nimalize hii stori bila kukatiwa mashine katikati. Wale mliozoea kuja hapa kwa ajili ya siasa na mpira mnisamehe. Leo naongelea mtu aliyekufa mwaka 1729, na bado nikipita pale kibandani nikawaona washikaji wanalia mikeka yao imechanika, huwa namkumbuka yeye.

Kwanza niwaambie kwa nini amenikaa kichwani. Nikiwa kidato cha tatu, bwenini tulikuwa tunacheza ishirini na moja usiku, taa zikishazimwa, kwa mwanga wa tochi. Mnaujua ule mchezo: unapewa karata mbili, unaongeza, ukizidi 21 umekufa. Kulikuwa na bwana mmoja wa kidato cha nne, mpole sana, hapigi kelele wala haibi karata, ila alikuwa na sharti moja. Asipogawa yeye, hachezi. Sisi tukaona ni maringo ya ukubwa tu, tukamwachia. Mwisho wa muhula ule nilikuwa nimepoteza pale ada ya mtihani, ambayo mama aliipata kwa kuuza mchele wa kula nyumbani. Mama alilipa mara ya pili. Hakunichapa, hakuniuliza kitu, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kuchapwa.

Miaka mingi niliamini nina mkosi. Nimekuja kushtuka baadaye kabisa kwamba mgawaji hucheza wa mwisho. Mimi nikizidi 21 hela yangu imeshaenda, hata kama na yeye dakika moja mbele atazidi vilevile. Tukilingana, kwa sheria za bweni letu, anachukua yeye. Hakuwa na haja ya kuiba. Alikuwa ameshika benki, basi.

John Law aliligundua hilo akiwa kijana, na akaenda nalo mbali mpaka akawa waziri wa fedha wa Ufaransa. Nisikilizeni.

Alizaliwa Edinburgh, Scotland, mwaka 1671. Baba yake, William Law, alikuwa sonara, na enzi zile masonara wa Edinburgh ndio waliokuwa benki: wanakutunzia dhahabu, wanakopesha kwa riba. Mzee alipata hela, akanunua nyumba na shamba la Lauriston nje kidogo ya mji, halafu akafariki mwaka 1683, akamwacha John ana miaka 12. Kijana alikuwa mrefu, anajua kuvaa, na kichwa chake kwenye hesabu kilikuwa cha kutisha. Alipokua akashuka London na kufanya kile ambacho vijana wengi wenye urithi hufanya. Alikula bata mpaka akafulia. Aliyemwokoa ni mama yake, Jean Campbell: alinunua haki za mwanawe kwenye Lauriston, hivyo madeni yakalipwa na shamba halikwenda kwa watu baki. Nilipofika hapo niliacha kusoma kwanza, nikatoka nje kupunga upepo.

London ndiyo ilimharibia na ndiyo ilimtengeneza. Tarehe 9 Aprili 1694, katika uwanja wa Bloomsbury, alipigana kwa panga na kijana mmoja bishoo sana aliyeitwa Edward Wilson. Huyo Wilson naye alikuwa fumbo, alitumbua hela kila siku na mji mzima haukujua anazitoa wapi. Pigo moja tu la upanga wa Law, Wilson akafa. Law akapelekwa mahakama ya Old Bailey, akahukumiwa kifo. Mfalme akamwonea huruma, lakini ndugu wa marehemu wakakomaa, kesi ikaendelea, jamaa akabaki ndani. Mwanzoni mwa 1695 akatoroka gerezani. Gazeti la serikali likatoa tangazo la kumtafuta, na sifa walizoandika zilikuwa za mtu mwenye uso umejaa makovu ya ndui na pua kubwa. Wengi wanaamini lilikosewa makusudi, maana waliomjua wanasema alikuwa mtanashati. Jamaa alikuwa na marafiki wakubwa, hilo halina ubishi.

Akazamia bara. Amsterdam alikuta vitu viwili ambavyo kwao havikuwepo kwa kiwango kile: benki ya mji iliyoanzishwa mwaka 1609, ambayo wafanyabiashara walilipana humo kwa kuandika vitabuni tu bila kubeba sarafu, na soko la hisa za Kampuni ya India Mashariki ya Waholanzi. Vijana wengine wakitoroka kesi wanakwenda kunywa. Yeye alikaa akasoma namna hela inavyotembea.

Sasa tuje kwenye karata, maana hapa ndipo penyewe.

Mchezo uliokuwa unawatoa jasho matajiri wa Paris uliitwa faro. Sheria zake mtoto anaelewa. Mezani kuna picha za karata 13, kuanzia ree mpaka mfalme. Wewe na wenzako mnaweka hela juu ya namba mnayoipenda. Tuseme umeweka juu ya saba. Upande wa pili amekaa mtu mmoja mwenye pakti ya karata 52, huyo ndiye benki. Anafunua karata mbili mbili. Ya kwanza ni ya kwake: ikiwa saba, amechukua hela yako. Ya pili ni ya kwenu: ikiwa saba, anakulipa sawa na ulichoweka. Zisipokuwa saba zote mbili, hela inakaa, anafunua nyingine. Ukiangalia haraka unasema huu mchezo ni haki tupu, nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi.

Ndivyo na wao walivyoona. Lakini kulikuwa na kipengele kidogo kimejificha. Karata zote mbili zikitoka saba, yaani mapacha, benki inachukua nusu ya hela yako. Mara ngapi hiyo inatokea? Pakti ikiwa mpya, mapacha wa saba katika karata mbili za kwanza ni mara 1 katika 221. Utasema si kitu. Ila kumbuka kwamba mara nyingi karata zikitoka hakuna anayeshinda wala kushindwa, kwa hiyo ukihesabu zile zinazoamua tu, mapacha wanaanza kuonekana, na kadiri pakti inavyopungua huku saba zako zikiwa bado ndani ndivyo wanavyozidi. Abraham de Moivre, mwanahisabati Mfaransa aliyekimbilia London, alipiga hesabu ya mchezo mzima akapata kwamba benki inabaki na karibu 3 katika kila 100 zinazochezwa. Mwenzake aliyebaki Ufaransa, Montmort, alishachapisha hesabu za faro mwaka 1708. Law hakuwasubiri. Alikuwa ameshaijua kichwani mwake.

Tatu kwa mia. Linganisha na ruleti yenye sifuri moja ambayo inakula 2.7 kwa mia, mtaona ziko jirani. Siyo wizi, na usiku mmoja unaweza kabisa kuondoka na furushi la benki. Tatizo ni usiku wa pili, wa thelathini na wa mia. Meza ikizungusha sarafu 10,000, benki inatarajia kubaki na kama 300, na kesho inakuja tena. Mchezaji wa kawaida anajiuliza aweke wapi. Law alijiuliza akae upande gani, na jibu alilopata ni kwamba hakuna namba nzuri ya kuwekea hela, kuna kiti kizuri tu.

Uzuri wa enzi zile ni kwamba kiti chenyewe kilikuwa wazi. Hapakuwa na kampuni yenye leseni imekaa hapo milele. Katika nyumba za watu wakubwa, mwenye mtaji ndiye aliyeshika benki. Leo ni shida. Kasino nyingi hazikuachii upande wao, na hata ile bakara ambayo unaweka kwa Benki ni jina tu. Wewe unaweka dau juu ya mkono unaoitwa Benki, unakatwa komisheni ya asilimia 5 ukishinda, na nyumba bado inabaki na asilimia 1.06. Ukiweka kwa Mchezaji ni 1.24. Umepunguza kidogo, lakini bado uko upande wa wanaoliwa. Ile bakara ya zamani ya Kifaransa, chemin de fer, ndiyo benki inazunguka kweli kwa wachezaji, zamu kwa zamu, anayeshika anatoa mtaji wake mwenyewe na nyumba inakata asilimia tu.

Na mtaji ndio ulikuwa siri ya pili ya Law. Benki yenye faida ya 3 kwa mia inaweza kufa usiku mmoja kama mfuko ni mwembamba, kwa sababu bahati mbaya hata benki inaipata. Kwa hiyo jamaa alikuwa anafika na mifuko ya dhahabu. Paris alishika benki nyumbani kwa mwigizaji mmoja maarufu aliyejulikana kama La Duclos, na inasimuliwa kwamba watu walikuwa wengi na hela nyingi mpaka sarafu zikawa zinamchelewesha kuhesabu, akatengenezesha vipande vyake vya dhahabu, kila kimoja thamani ya louis 18. Hebu fikirieni hapo. Mtu hajawa na benki ya kweli, ila ameshatoa hela yake mwenyewe na watu wanaipokea.

Mkuu wa polisi wa Paris, d'Argenson, akaona huyu Mskoti hashindi kwa kawaida, akamtaka aondoke mjini. Likumbukeni hilo jina, litarudi.

Miaka iliyofuata niipitishe haraka. Alizunguka Italia, Genoa, Turin na Venice, akishika benki na kuongeza mtaji. Alikuwa anaishi na Katherine Knollys, mke wa mtu mwingine, hawakuwahi kufunga ndoa lakini walizaa mtoto wa kiume na wa kike. Mwaka 1705 alirudi Scotland, akachapisha kitabu kuhusu hela na biashara, akaliomba bunge la Scotland lianzishe benki ya kutoa noti zenye dhamana ya ardhi. Hoja yake ilikuwa rahisi: nchi ni maskini, watu hawana kazi, kwa sababu sarafu ni chache, siyo kwa sababu watu ni wavivu. Bunge likamkatalia. Mwaka 1707 Scotland ikaungana na Uingereza, na kwa mtu mwenye hukumu ya kifo London hiyo ilimaanisha kutimka tena. Mimi binafsi naona angekubaliwa pale kwao, kwa udogo udogo, pengine leo tungemsoma kama mchumi tu.

Tarehe 1 Septemba 1715 mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa akafariki, akaacha kiti kwa kitukuu wa miaka mitano na deni la zaidi ya livre bilioni 2. Vita vilikuwa vimekula kila kitu. Aliyeshika madaraka kwa niaba ya mtoto, Philippe d'Orléans, alikuwa anamfahamu Law. Serikali imefulia, na hapo hapo kuna jamaa ana mpango mkononi. Mei 1716 Law akaruhusiwa kufungua benki yake binafsi, mtaji livre milioni 6, hisa 1,200 za livre 5,000 kila moja.

Noti zake zilikuwa na ahadi moja ya kijanja. Wafalme wa Ufaransa walikuwa na tabia ya kuamka asubuhi na kubadilisha thamani ya sarafu, leo inahesabiwa hivi kesho vile. Noti ya Law ilisema utalipwa sarafu ya uzito ule ule wa siku noti ilipotolewa. Watu wakaona karatasi ina uhakika kuliko dhahabu ya mfalme. Mwaka 1717 serikali ikaagiza kodi zilipwe kwa noti hizo. Biashara ikafufuka kweli, hilo hata maadui zake walikubali.

Angesimama hapo, jamani.

Agosti 1717 akaanzisha kampuni iliyopewa haki ya kufanya biashara peke yake Louisiana, bonde lote la mto Mississippi. Mwaka 1718 ukaanzishwa huko mji wa New Orleans, ukapewa jina la Orléans kumfurahisha mkubwa. Desemba mwaka huo benki yake ikawa ya mfalme. Kampuni ikameza biashara ya Senegali, na mwaka 1719 ya India na ya China, ikachukua kiwanda cha sarafu, ikachukua kazi ya kukusanya kodi, kisha ikakubali kuikopesha serikali hela ya kulipa deni lote la taifa kwa riba ndogo ya asilimia 3. Yaani benki, bandari, kodi na mnada, vyote mtu mmoja. Aliyekuwa ameshika benki ya meza moja sasa ameshika benki ya nchi nzima, na wachezaji ni kila mwenye livre mfukoni.

Hisa ya livre 500 ambayo mwanzo watu waliinunua kwa chini ya hapo ilifika kama 10,000 mwishoni mwa 1719. Soko lilikuwa mtaani, kichochoro kinaitwa rue Quincampoix, watu wamebanana kuanzia asubuhi. Kuna stori ya jamaa mwenye kibiongo aliyepata utajiri kwa kukodisha mgongo wake kama meza ya kuandikia mikataba. Watumishi wa ndani walitajirika kuliko mabosi wao. Neno milionea lilianza kuenea wakati huo. Law mwenyewe alibadili dini akawa Mkatoliki, na tarehe 5 Januari 1720 akateuliwa mkuu wa fedha za Ufaransa. Muuaji mtoro, mcheza karata, mgeni.

Nisipite hapa bila kusema la pili ambalo stori nyingi za Law zinaliruka. Kule Mississippi hapakuwa na dhahabu, palikuwa na mabwawa na mbu. Watu hawataki kwenda, basi wakakamatwa wazururaji na wafungwa wa Paris wakasafirishwa kwa nguvu. Wahamiaji Wajerumani walikufa kwa wingi kabla hata ya kuona shamba. Na kuanzia 1719 meli za kampuni zikapeleka Louisiana Waafrika waliofanywa watumwa. Kampuni hiyo hiyo ilikuwa na kisiwa cha Bourbon huku kwetu Bahari ya Hindi, ambacho leo kinaitwa Réunion, ambako watumwa walitolewa Madagascar na pwani ya Msumbiji. Kila karatasi iliyouzwa pale rue Quincampoix kwa mbwembwe ilikuwa na jasho la mtu chini yake. Law alikuwa fundi wa hesabu za uwezekano, ila hawa hawakuwemo kwenye hesabu yake.

Tuendelee. Gawio lililotangazwa lilikuwa livre 200 kwa hisa. Kwa aliyenunua kwa 500 hiyo ni neema. Kwa aliyenunua kwa 10,000 ni asilimia 2. Wenye macho wakaanza kuuza polepole na kubadilisha noti kwa dhahabu. Richard Cantillon, mwenye benki kutoka Ireland, alitoka mapema na mzigo wake. Mkubwa mmoja, mwana mfalme wa Conti, alipeleka noti zake benki na kuondoka na magari ya farasi yaliyojaa sarafu, mchana kweupe.

Na hapa ndipo nilipomshangaa mwalimu wangu. Februari 1720 ikatoka amri kwamba mtu asikae na sarafu zaidi ya livre 500, askari waliingia majumbani kupekua. Mwezi Machi akatangaza kwamba hisa itanunuliwa na kampuni kwa livre 9,000, bei imefungwa, yeyote aje. Wakaja. Kila hisa iliyorudi ililipwa kwa noti mpya zilizochapishwa, mpaka noti zikapita livre bilioni 2. Mnaona alichofanya? Yule aliyejua kuliko watu wote kwamba faida iko kwenye kiti cha benki, aliinuka kwenye kiti akaenda kuweka hela juu ya karata yake mwenyewe. Akawa benki na mchezaji kwa pamoja. Tena benki ya faro haibadilishi sheria karata zikiwa mezani. Akibadilisha, watu wanaondoka na hela zao. Yeye alizibadilisha karibu kila mwezi.

Tarehe 21 Mei 1720 ikatoka amri ya kushusha thamani ya noti na hisa hatua kwa hatua mpaka nusu. Paris ikawaka. Ndani ya wiki moja amri ikafutwa, Law akaondolewa kazini, akawekewa walinzi, halafu akarudishwa kwa mlango mwingine maana hakuna mwingine aliyeielewa ile mashine. Haikusaidia. Tarehe 17 Julai umati uliojazana benki kubadilisha noti ndogo ndogo apate hela ya mkate ulikanyagana, watu zaidi ya kumi wakafa. Maiti zikabebwa mpaka mbele ya jumba la Philippe d'Orléans. Gari la Law likavunjwa vunjwa siku hiyo. Huko kusini Marseille tauni ilikuwa imeshaingia, bandari ikafungwa. Kufika mwisho wa mwaka noti zilikuwa karatasi za kufungia.

Desemba 1720 akaondoka Ufaransa na mwanawe wa kiume. Katherine na binti yao walibaki nyuma. Mpakani akasimamishwa na ofisa wa mfalme, na huyo ofisa alikuwa nani? Mtoto wa yule d'Argenson wa polisi. Inasimuliwa alimnyang'anya dhahabu aliyobeba, kwa sababu kutoa dhahabu nje kulikuwa kosa kwa amri za Law mwenyewe.

Kinachonifanya nisimwite tapeli ni hiki. Wakati wote akiwa juu, angeweza kuhamisha utajiri nje, Amsterdam au London, kama wenzake. Alinunua mashamba na majumba Ufaransa, yote yakataifishwa. Aliiamini benki yake. Matapeli wa pata potea pale stendi hawajawahi kuweka hela yao kwenye meza yao, ila huyu aliweka yote.

Mwaka 1721 alirudi London, kesi ya Wilson ikafutwa kwa msamaha, miaka 27 baada ya lile pigo. Alikuwa akisubiri Ufaransa imwite tena. Philippe d'Orléans akafariki mwaka 1723, na simu, tuseme hivyo, haikupigwa. Mwaka 1726 akahamia Venice, akaishi kwa kamari na kununua picha za kuchora, akawa nazo mamia.

Kuhusu Venice kuna stori naipenda, nawapa kama ilivyosimuliwa. Mzee alikuwa anaweka mezani furushi la sarafu 10,000 za dhahabu. Yeyote anaruhusiwa kuweka sarafu moja na kurusha dadu: akipata sita mara sita mfululizo, achukue zote. Watu walipanga foleni, nani hataki kugeuza moja kuwa elfu kumi? Pigeni hesabu wenyewe: 6 mara 6, mara sita, unapata 46,656. Dau la haki lingetakiwa kulipa sarafu 46,655. Yeye alilipa 10,000. Kwenye faro alikula 3 kwa mia, hapa anakula karibu 79 kwa mia, na watu wanamshukuru kwa ukarimu. Alikuwa amerudi kwenye kiti chake.

Alikufa Venice kwa homa ya mapafu tarehe 21 Machi 1729, ana miaka 57. Walimzika kanisa moja karibu na uwanja wa Mtakatifu Marko, likaja kubomolewa enzi za Napoleon, na mwaka 1808 mifupa ikahamishiwa kanisa la San Moisè, ambako bamba lake lipo sakafuni mpaka leo, wageni wanapita juu. Hatua chache kutoka hapo ndipo lilipokuwa jumba la Ridotto, nyumba ya kamari iliyofunguliwa kwa idhini ya serikali ya Venice mwaka 1638. Humo ndani benki ya mezani ilishikwa na watu wa koo za kikabaila tu, wengine wote walikuwa wachezaji.

Kioo kinaniambia zimebaki dakika sita, na dogo wa kafe ameshaanza kunitazama. Nikipata hela wiki ijayo nitawaletea Casanova, naye alicheza faro huko huko Venice. Na kama kuna mdau aliyewahi kucheza ishirini na moja yeye akiwa mgawaji, aniandikie sheria za kwao zilikuwaje mkilingana.